Sitara ya Ramzi

Machakos
12 Februari 2025

Kwa mdogo wangu Yahya,

Assalaam alaykum, wewe na mkeo Firdaus na vumbi lenu lote la Moyale. Sisi huku ni wazima wa kuonekana kwa macho. Mvua imetusahau. Paka wako bado analala mlangoni pa kile chumba ulichohama, anadhani utamfungulia. Binti yangu Nuha amerudi chuoni. Hoteli nimeifungua tena, maana matanga yameisha na mahamri hayajikaangi yenyewe. Wateja wanakunywa chai wakinitazama kwa pembe ya jicho, kisha wanasifu viazi karai hata vikiwa vimeungua.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu zangu huzipokei. Usiniambie mtandao. Firdaus hunipigia kutoka huko huko, nasikia mpaka ngamia wa jirani wakilalama, ila wewe tu ndiye ambaye mtandao unakukimbia. Basi simu iache ilie. Barua utaitia mfukoni, na kwa ninavyokujua tangu utotoni, hutalala hujaisoma. Nimempa Ngui, utingo wa basi la Nairobi, aifikishe kwenye ofisi ya mabasi ya kwenu.

Juma lililopita alikuja mwanamke anaitwa Waithira. Anatoka katika ile ofisi ya Nairobi inayowachunguza polisi, ambayo haiko chini ya polisi wenyewe. Nilimkaribisha kwa shingo upande. Ni mtu wa maneno machache, akakaa kwenye benchi la wateja, akataka nimsimulie kifo cha Ramzi kutoka mwanzo. Nilipomsimulia ndipo nikagundua kwamba mimi na wewe hatujawahi kukaa tukayazungumza. Ulimzika mwanangu Ijumaa, Jumatano ukapanda basi.

Nilimwambia hivi. Alhamisi ile Ramzi alitoka kiwandani Athi River na vidole vyake vya buluu kama kawaida. Unakumbuka nilivyokuwa nikimfokea kwa ajili ya mapazia yangu. Jinzi wanazoshona kule zinatoa rangi, na ikishaingia kwenye kucha haitoki kwa sabuni wala kwa ndimu. Akapita na rafiki yake Musili kutazama mpira karibu na steji ya matatu. Polisi wakafanya msako, wakajaza vijana kwenye gari. Asubuhi yake OCS mwenyewe, mkuu wa kituo, Bwana Mwangangi, alisimama mlangoni pangu na kofia mkononi. Akasema kijana aliruka kutoka kwenye gari likienda kasi kwenye barabara ya mchanga ya upande wa Kalama, akagonga kichwa. Akasema, "Mama, najua nyinyi Waislamu hamkawishi maiti. Nimeleta yeye mpaka nyumbani. Kibali ya mazishi iko tayari, hakuna haja ya kusumbuka."

Na sisi tulivyo, Yahya! Tukaona huyu ndiye mtu. Msikitini walimwombea dua. Kabla ya swala ya Ijumaa wewe na Mzee Ismael mlikuwa mmeshamwosha na kumkafini kwa sanda, na baada ya swala mlikuwa mmeshamzika. Hakuna daktari aliyemtazama. Jambo hilo halikunipita akilini hata kidogo mpaka Waithira aliponiuliza.

Akaniuliza pia kama niliuona mwili. Nikamwambia niliona uso, na uso ulikuwa mzuri. Akauliza ni nani aliyeuona wote. Nikataja majina mawili. Anataka mmoja wenu aje mbele ya hakimu aseme alichokiona, ili hakimu aamuru kaburi lifunguliwe na daktari atazame. Bila hivyo, anasema, neno la Bwana Mwangangi ndilo litakalobaki duniani.

Nakuuliza swali moja tu, mdogo wangu. Uliona nini?

Dada yako,
Rehana


Moyale
9 Machi 2025

Kwa dada yangu mpenzi Rehana,

Shikamoo dada. Barua yako ilinikuta, ila ilikaa kwenye ofisi ya mabasi siku nyingi kabla sijaambiwa. Tumo katika Ramadhani, tunafuturu kwa tende na maziwa ya ngamia, ambayo wewe ungeyatema. Firdaus ni mzito, miezi saba sasa, miguu inamvimba na hasira zake zinautosha mtaa mzima. Watoto wa madrasa ninaowafundisha ni wasikivu. Duka la mjomba wa Firdaus linakwenda, hatulali njaa. Nampelekea Nuha tende, na wewe nakuletea kanga kwa mkono wa Ngui.

Kuhusu ulilouliza, dada, naomba uniwie radhi. Mwosha maiti haongei. Mzee Ismael alinifundisha hivyo kabla hajaniruhusu hata kushika kata ya maji. Tunachokiona pale kwenye kitanda tunakifunika kama tunavyofunika uchi wa marehemu, kiwe kizuri au kibaya. Anayemsitiri mwenzake naye atasitiriwa. Nimewaosha watu wengi Machakos, wengine ni wazee wa heshima, na hakuna mjane wala yatima aliyewahi kusikia kutoka kwangu neno moja la mwili wa mtu wake.

Ramzi nilimwosha kwa mikono hii, kwa majani ya mkunazi na kafuri, na nilimfanyia kama mwanangu. Litoshe hilo.

Tafadhali usilitaje tena jina langu kwa watu wa ofisi.

Mdogo wako,
Yahya


Machakos
14 Aprili 2025

Yahya,

Waalaykum salaam. Tende zimefika, kanga imefika, Idd imefika na kuondoka. Nilipika pilau kwa mazoea, nikapakua sahani ya Ramzi kwa mazoea, nikaila mwenyewe nimesimama jikoni. Nuha amehamia Mwala kwa shangazi yake, anasema huko hewa ni safi na anasoma vizuri. Tuliache hilo. Mgongo wangu unauma, lakini huo ni mgongo wa kila siku.

Sasa nisikilize. Sitara ni ya maiti. Kama Ramzi angekuwa na kidonda cha aibu, au alama ya dhambi yake mwenyewe, ningekushukuru kwa kufunga mdomo mpaka kiyama. Lakini mtu akimpiga mwanangu, alama ile si ya mwanangu. Ni ya aliyempiga. Sasa wewe unamsitiri nani? Nimemuuliza sheikh wetu swali hili hili. Alikuna ndevu, akaniambia nimwachie Mungu. Nikamwambia Mungu nimeshamwachia, nataka na hakimu apate sehemu yake. Tangu siku hiyo hapiti mbele ya hoteli yangu.

Musili alikuja kunipa pole, amechelewa lakini alikuja. Kakonda yule mtoto. Alikalia mkebe wa mafuta, akakataa chai. Alikuwa seli moja na Ramzi. Anasema walimtoa Ramzi peke yake kwa sababu aliuliza kosa lao ni nini, wakampeleka uani nyuma ya kituo. Nikamuuliza alisikia nini. Akaniita mama kwa Kikamba chao, akasema, "Mwaitu, hiyo ingine siwezi kukuambia, wewe ni mama. Lakini baadaye kukanyamaza. Halafu nikasikia maji. Bomba ya huko nje ilifunguliwa ikamwaga maji mingi sana, mpaka karibu kuche. Mimi nilifikiria wanaosha gari."

Nikamwomba amwambie Waithira. Alisimama palepale. "Mimi siko na baba, mwaitu. Nikienda kortini, nani atanitafuta nikipotea?" Sasa nasikia ameondoka Machakos na mamake anasema hajui alikokwenda. Sikumlaumu. Ni mtoto wa watu, hana udugu na sisi, na hata hivyo alinijia na maji yake yale aliyoyasikia. Wewe ni tumbo moja na mimi.

Waithira amerudi, akaniuliza tena kama mimi mwenyewe niliona lolote wakati mwili unashushwa. Nikamwambia tena sikuona. Kuna mambo ya asubuhi ile sipendi kuyarudia, na wewe usiniulize.

Mzee Ismael ni mgonjwa, hatoki kitandani. Fikiria maana yake.

Rehana


Moyale
2 Juni 2025

Dada yangu Rehana,

Nakuamkia kwa unyenyekevu. Firdaus amejifungua salama mwezi uliopita, mtoto wa kike, mweusi wa kupendeza, ana paji la uso la mama yetu. Anapolia anakunja ngumi kama anayedai haki yake. Tulitaka kukupigia, nikashindwa. Joto ni kali, visima viwili vimekauka.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Sina ubishi na ulichosema juu ya sitara. Lakini dada, umefikiria maana ya kumfukua? Watachimba pale tulipomlaza, wamtoe, wamweke juu ya meza, mtu asiyemjua apitishe kisu. Na wewe utakuwa umesimama karibu. Mtoto amelala, mwache alale.

Tena kuna hili, nalisema kwa kuwa unanilazimisha. Sasa hivi unao ule uso wake mzuri. Mimi nilihakikisha unaupata. Ukishajua hayo mengine hutaweza kuyasahau, utakuwa unakanda unga huku unayaona. Mimi nakanda mambo hayo kila siku, na simtakii mtu, sembuse wewe.

Mbona Nuha yuko Mwala? Nuha haipendi Mwala, hata mbuzi wa shangazi yake anawaogopa. Kuna nini huko ambacho huniambii?

Yahya


Machakos
23 Juni 2025

Mdogo wangu,

Hongera kwa mtoto. Umenitajia paji la uso, jina hukulitaja. Nimelipata kwa Firdaus. Salma ni jina zuri, Mungu amkuze. Nimemshonea kofia, lakini kwa joto hilo la kwenu labda mumvalishe paka.

Mzee Ismael amefariki, juzi alfajiri. Nilimwona siku chache kabla. Nilikaa karibu na kichwa chake nikamuuliza lile swali nililokuuliza wewe. Alilia, Yahya. Mzee yule ambaye hakulia hata alipomzika mkewe wa kwanza. Akasema, "Mimi nilimimina maji tu. Aliyeushika mwili ni Yahya. Muulize Yahya." Mjane wake ananiambia tangu siku ile ya Ramzi, kila alipoitwa kuosha maiti, alikuwa akisingizia magoti. Hakuosha tena mtu hata mmoja. Yeye mwenyewe ameoshwa na vijana ambao hawakujua pa kuanzia, kwa sababu wewe hukuwapo.

Umebaki peke yako basi.

Unauliza kuhusu Nuha. Nilikuwa sitaki kukuambia kwa sababu una mtoto mchanga, lakini sawa. Tangu Machi kuna gari huegeshwa mbele ya hoteli yangu, halina namba. Wanaume wawili huingia, huagiza chai, hawainywi. Hawanitukani, hawanitishi. Mmoja hunisalimia kwa jina. Siku moja walikuwa kwenye geti la chuo, wakamuuliza Nuha kama yeye ndiye dadake yule kijana aliyeruka. Siku hiyo hiyo nilimpakia kwenye boda boda na mfuko wake wa nguo. Anachota maji kwenye bwawa la mchanga na punda, msichana aliyekuwa akisomea uuguzi. Waithira ameandika malalamiko. Ananiambia ukweli, simkosoi kwa hilo: kwamba yeye ana faili na kalamu, na wale wana bunduki na gari. Lakini anakuja kila anaposema atakuja.

Usiniambie nimwache mtoto alale. Mimi ndiye niliyekuwa nikimlaza. Na ule uso mzuri ulionipa, wao ndio wanaojificha nyuma yake. Nimechoka kuwa na uso tu.

Hakimu atasikiliza ombi la kaburi tarehe kumi na nane Septemba, hapa Machakos. Naogopa sana, Yahya. Naogopa kwenda na naogopa zaidi kwenda peke yangu.

Rehana


Moyale
11 Agosti 2025

Dada yangu,

Salma ana meno mawili ya mapema, anamng'ata mamake. Mvua ndogo imenyesha. Haya ndiyo ya nyumbani, sina mengine, na nikianza kuyatafuta nitakwepa tena kuandika.

Nilimswalia Mzee Ismael hapa, swala ya maiti asiyekuwepo, mimi na watoto wa madrasa. Baada ya swala nikabaki nimekaa. Yeye ndiye aliyenifunga kwa ile ahadi ya kunyamaza, na yeye ndiye aliyekuambia uniulize. Nimechukua hilo kuwa ni ruhusa yake.

Nilipomfunua Ramzi, kitu cha kwanza kilichonishtua hakikuwa jeraha. Alikuwa safi. Dada, mimi najua mtu aliyeanguka barabarani anavyoletwa. Huja na mchanga masikioni, kwenye nywele, ndani ya mdomo, unabadilisha maji mara nyingi kabla hayajawa meupe. Wanasema Ramzi aliruka kwenye mchanga wa Kalama. Maji ya kwanza tuliyommiminia yalitoka meupe. Mzee Ismael alisimama na kata mkononi akanitazama. Nywele zake zilikuwa bado na unyevu kwenye mashina. Alinukia ile dawa ya kung'arishia nguo. Na kucha zake zilikuwa nyeupe kabisa, dada. Zile kucha ulizokuwa ukizipigia kelele.

Mtu alikuwa amemwosha kabla yetu.

Nilipoandika sentensi hiyo niliweka kalamu chini nikatoka nje. Juu kidogo ya viganja palikuwa na alama ya kamba kuzunguka mikono yote miwili. Mengine yako mbavuni, kisogoni na miguuni, na hayo nitayasema mbele ya hakimu, si kwako. Nakuomba siku hiyo utoke nje nikisema.

Nilipomaliza kumkafini nilifungua mlango, nikamkuta Bwana Mwangangi amesimama pale nyuma ya msikiti, peke yake. Alinishika bega kwa upole. Akasema, "Ustadh, najua nyinyi kitu mnaona huko ndani hamuongei. Hiyo ndiyo mimi hupenda na dini yenu." Halafu akamuulizia Firdaus kwa jina, na kama mimba yake inaendelea vizuri. Hatukuwa tumemwambia mtu bado kuhusu mimba, na chini ya buibui ilikuwa haijaonekana. Hata wewe hukujua.

Ndiyo sababu niliondoka. Nilijiambia naondoka kwa ajili ya duka, nikajiambia nanyamaza kwa ajili ya dini. Lakini yule mtu alilichukua jambo jema ninaloliamini kuliko yote, akalifanya shuka la kufunikia alichokifanya, na mimi nikamshikia ncha moja. Kwa hilo nina hasira ambayo sijui niiweke wapi.

Sijasema bado kwamba nitakuja. Nimekujibu swali lako.

Yahya


Machakos
20 Agosti 2025

Yahya, mdogo wangu,

Barua yako niliisomea ghalani, kwenye magunia ya unga, ili wateja wasinione. Leo sina salamu ndefu. Salma nimbusie.

Nilikuambia kuna mambo ya asubuhi ile sitaki kuyarudia. Sasa itabidi.

Walipomshusha alikuwa amefungwa blanketi la kijivu. Mimi nililirukia. Wanawake walinishika, lakini nilikuwa nimeshaupata mkono wake mmoja, nikautoa nje nikaukumbatia. Walikuwa wamemvika shati la mikono mirefu ambalo si lake, vifungo vimefungwa. Nikaviona vidole. Yahya, vilikuwa vyeupe. Tangu aanze kazi kule kiwandani sikuwahi kuviona vyeupe. Na nilinusa dawa ya nguo. Akili ya mama siku hiyo haiko kichwani. Nilifikiri huyu mzee wa polisi ana utu, hakutaka nimpokee mwanangu na damu na vumbi. Nikamgeukia, mbele ya mtaa mzima, nikamshika mkono kwa mikono yangu yote miwili, nikamwambia, "Ahsante sana kwa kumsafisha mwanangu."

Akaniitikia. Akasema, "Ni kazi yetu, mama."

Maneno hayo yamekuwa yakinichoma kwa sababu nyingine, kwamba nilimshukuru adui. Sikutaka Waithira ayajue, sikutaka wewe uyakumbuke. Nilikuwa nakusukuma wewe useme huku nikiwa nimekalia la kwangu, na wala sikujua kwamba ni ushahidi. Nilidhani ni fedheha tu.

Nimempigia Waithira, nikamweleza yote. Kisha akaniuliza kama nadhani ni kwa nini mtu amsugue maiti kucha. Mimi sikujua. Akasema, "Mama, labda alimparura mtu."

Hujasema utakuja. Basi na mimi sikuiti tena. Una Salma, una Firdaus, na yule mtu analijua jina la mkeo. Tarehe kumi na nane nitasimama mimi.

Dada yako


Moyale
2 Septemba 2025

Dada,

Firdaus na mtoto nimewapeleka kwa kaka zake, ng'ambo ya mpaka. Mimi nafika Machakos usiku wa kumi na saba. Usipike.

Yahya


Machakos
29 Septemba 2025

Kwa mdogo wangu Yahya,

Nataraji ulifika salama, na mabegi yako, na ule mkate wa sinia ambao ulisema nisiupike. Uliondoka mahakamani moja kwa moja kwenda kwenye basi, na nilielewa. Waithira alisema ni bora usilale mjini. Lakini tumeachana bila kuzungumza tena, kama Januari, kwa hiyo nakuandikia yaliyotokea wakati wewe umewekwa nje kwenye benchi la mashahidi.

Niliharibu. Nakuambia ukweli. Wakili wa upande wetu aliniongoza vizuri, lakini Bwana Mwangangi alikuwa amekaa mstari wa mbele, kofia magotini, ananitazama kwa ule ule upole. Ulimi ukaniganda. Nilipoulizwa nilichokiona mwili uliposhushwa, nikasikia sauti yangu ikisema niliona uso. Basi. Miezi yote ile, na nikasema uso. Waithira aliinamisha kichwa.

Ndipo akasimama wakili wa yule mzee wa polisi, kijana nadhifu anaitwa Antony, manukato mpaka kule nyuma. Alikuwa ameambiwa ana kadi nzuri. Akaniuliza kwa sauti ya kubembeleza, "Mama, si ni kweli wewe ulimshukuru huyu OCS siku hiyo, mbele ya watu?"

Nikasema ni kweli.

"Ukamshika mkono?"

Kwa mikono yote miwili, nikasema.

Akawageukia watu, akatabasamu. "Hebu ambia korti, mama, ulimshukuru kwa nini?"

Na hapo ulimi ukafunguka, Yahya, sijui ni Mungu, sijui ni lile tabasamu. Nikasema, "Nilimshukuru kwa kumsafisha mwanangu. Alikuwa na rangi ya jinzi kwenye kucha miaka miwili na haikuwahi kutoka. Wao waliitoa. Na yeye akaniambia ni kazi yao."

Hakimu aliacha kuandika, akaniambia nirudie pole pole. Nikarudia. Antony alisema hana swali lingine. Nilimtazama Bwana Mwangangi, na alikuwa anaitazama kofia yake.

Kisha wakakuita wewe. Uliniomba nitoke nje. Sikutoka. Nilikaa nyuma ya mama mmoja mnene kutoka Yatta aliyekuja kwa kesi ya shamba. Ulipofika kwenye nyayo ukanitafuta kwa macho, hukuniona, ukaendelea. Nilikusikia ukisema zilikuwa zimevimba hata sanda ilikataa kufunga, ukalazimika kuongeza kitambaa. Nilisikia na ya mbavu. Nilisikia yote. Yule mama wa Yatta alinishika mkono bila kugeuka, na hatujuani hata kwa jina.

Ulisema kweli, sitayasahau. Jana nilikanda unga na yalikuwepo. Lakini nilikanda.

Sasa sikiliza mengine. Hakimu ameamuru kaburi lifunguliwe tarehe kumi na tano Oktoba, na daktari wa serikali atazame, na wa upande wetu awepo. Bwana Mwangangi hayuko tena Machakos. Wamemhamisha kaunti nyingine, na nasikia amepandishwa cheo. Waithira anasema kesi inaweza kumfuata huko. Nilimsikiliza vizuri: alisema inaweza. Nuha bado yuko Mwala. Lile gari lisilo na namba lilikuja tena Jumamosi, wakaagiza chai. Nikawapelekea, nikasimama pale mpaka wakainywa.

Daktari akimaliza itabidi Ramzi avikwe upya. Nimemwambia sheikh kazi hiyo ni yako, hakubisha. Sanda nimenunua, kubwa, ili miguuni isikatae. Kafuri ipo. Njoo ukiweza. Ukiona hatari usije, nitawaita wale vijana waliomwosha Mzee Ismael, na wakiwa hawajui pa kuanzia nitawaelekeza kutoka nje ya pazia.

Mimi nitakuwa kwenye ukuta wa makaburi na Nuha, atakayerudi siku hiyo tu. Wale wa serikali watakuja na magari yao na glovu zao na pole zao. Nitawaitikia salamu, maana mama yetu alitulea vizuri. Wakitaka chai nitawapa. Lakini safari hii sitamshukuru mtu.

Dada yako,
Rehana